Tazameni Miguu

Nimelikalia jambo hili kwa miezi, na leo nalisema kama lilivyo: waamuzi wengi wa pumse hawahukumu pumse. Wanahukumu teke na nguo. Nasema hivyo nikiwa kocha, na nikiwa mtu aliyewahi kukalia kiti hicho hicho cha mwamuzi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, pumse ni mfuatano wa matendo ya taekwondo ambao mchezaji anaufanya peke yake, akikinga na kupiga mtu asiyeonekana. Kila tendo lina mahali pake pa mguu, pa mkono na pa jicho. Anayeanza hufundishwa Taegeuk 1, yenye matendo 18. Mateke ndani yake ni mawili tu. Yaliyobaki yote ni kusimama, kugeuka, kukinga na kupiga ngumi. Sasa mniambie: mwamuzi anayetoa alama kwa kuvutiwa na urefu wa teke, ameona matendo mangapi?

Nafundisha watoto Matema, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ukumbi hatuna, mikeka hatuna. Tunafanyia mazoezi kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, kwa sababu mchanga mkavu unameza mguu. Mchanga uliolowa una faida nyingine: unatunza nyayo. Mtoto akimaliza, tunarudi pamoja kusoma alichoandika kwa miguu yake.

Msimamo mrefu una masharti. Goti la mbele linakunjwa, mguu wa nyuma unanyooka, kisigino cha nyuma kinashika ardhi, na mwili haulali mbele. Ngumi inatoka kiunoni na kufika wakati ule ule mguu unapotua, huku mkono wa pili ukirudi kiunoni kwa kasi ile ile. Mguu ukitua kwanza na ngumi ikafuata, umepiga kwa mkono mtupu, mwili umebaki nyuma. Hayo si mapambo. Ndiyo tofauti kati ya mtu anayejua kupiga na mtu anayeigiza kupiga.

Nina mwanafunzi wa miaka 13, binti wa upande wa Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu. Nyayo zake ndizo safi kuliko za wenzake wote. Akimaliza Taegeuk 1, nyayo za mwisho huangukia pale zilipoanzia zile za kwanza, kama inavyotakiwa. Nilimpeleka mashindanoni mjini. Alivaa sare ya kuazima, iliyofuliwa ziwani na kuanikwa juani hadi ikawa laini kama khanga ya zamani.

Mpinzani wake alikuja na sare mpya ya kitambaa kizito. Kila ngumi ililia: pah! Teke lake lilipita juu ya kichwa chake mwenyewe, ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama chini. Kisigino chake cha nyuma kilikuwa hewani karibu kila msimamo, na ngumi zilifika mguu ukiwa umeshatua zamani. Alishinda. Binti yangu aliniuliza, "Kocha, nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu namba zilitoka bila neno hata moja la maelezo.

Najua nitakachojibiwa. Wataniambia kwamba katika kanuni za kimataifa, kati ya alama 10, usahihi una 4.0 tu na uwasilishaji una 6.0. Ni kweli. Lakini someni hizo 6.0 zimegawanywaje: 2.0 za kasi na nguvu, 2.0 za mdundo na mwendo, 2.0 za kuonyesha nishati ya ndani. Hakuna fungu la makofi ya ukumbi. Hakuna fungu la mlio wa kitambaa. Na nguvu inatoka wapi kama si ardhini, kupitia kisigino, nyonga, hadi ngumi? Asiye na msimamo hana nguvu ya kuwasilisha. Tena kanuni hizo hizo zinakata 0.1 kwa kosa dogo na 0.3 kwa kosa kubwa. Kisigino kikiwa hewani mara kumi, hizo 0.1 zimekwenda wapi?

Sijitoi. Siku moja nikiwa mwamuzi nilimpa kijana alama za juu, teke lake lilikuwa limeninyang'anya akili. Baadaye, mazoezini, nilimwambia asimame msimamo mrefu, nikamsukuma begani kwa vidole viwili. Akayumba. Nilimtazama nikaona aibu, si yake, yangu.

Jumamosi pale Lyulilo, vyungu vya Ikombe vinaposhushwa kwenye mitumbwi, mtazameni mama anayenunua. Mapambo anayaona, na anayapenda. Lakini kabla ya kufungua fundo la khanga lenye hela, anakigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti butu, hata kikiwa kimepambwa namna gani, na anakirudisha chini. Mama yule anasikiliza udongo. Sisi ukumbini tunasikiliza pamba, halafu tunaandika kwamba tumesikia nguvu.

Waamuzi wenzangu, sidai makubwa. Anzeni kutazama miguuni, kisha mpande hadi mikononi. Kaeni mahali ambapo visigino vinaonekana, si nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa hadi chini. Na baada ya pambano, mpeni mtoto sentensi moja: ulipoteza hapa. Mtoto aliyesafiri kutwa nzima kwa basi anastahili sentensi moja.

Msiposikia hayo, sikieni hili. Binti yangu hakuacha mchezo. Ingekuwa afadhali kidogo kama angeacha kwa hasira. Wiki iliyofuata nilimkuta ufukweni kabla ya wenzake, akirusha mguu juu, tena juu zaidi, peke yake. Alikuwa amelielewa somo letu. Nilipomwambia afanye Taegeuk 1, teke lilipaa kuliko siku zote, na akanigeukia akitabasamu. Nikaenda kusoma nyayo kama kawaida yetu. Pale aliposimama kupiga teke, mchanga ulikuwa na alama ya vidole tu. Kisigino hakikugusa.