Hotuba Isiyosikika

Hotuba ni miongoni mwa tungo ambazo mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa mapema na kutahiniwa hadi mwisho. Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, swali la lazima huhusu utungo wa kiuamilifu: mwaka huu barua, mwaka mwingine mahojiano, mwaka mwingine hotuba. Utungo huo hutuzwa alama 20. Mtahiniwa huandika, mtahini husahihisha, karatasi ikafungiwa kabatini. Katika safari hiyo yote hapana mtu hata mmoja anayeisikia hotuba yenyewe. Kasoro hiyo haianzii katika chumba cha mtihani. Huanzia katika zoezi la darasani linalomwandaa mwanafunzi.

Kinachofunzwa, aghalabu, ni sura. Mwanafunzi huambiwa aandike anwani na kuipigia mstari, afungue alama za mtajo, awasalimu waliohudhuria kwa kufuata vyeo vyao, aeleze hoja moja katika kila aya, kisha ashukuru na kuketi. Itifaki ya salamu ina maana yake, na yeyote aliyewahi kumsahau mzee mmoja katika baraza anajua gharama yake. Hata hivyo, sikio haliuoni mstari wala alama za mtajo. Sikio husikia maneno, nayo maneno ya hotuba nyingi za shuleni ni yale yale: “Ningependa kuchukua fursa hii”, ambayo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, halafu wahenga na wahenguzi wakaitwa kutoa ushahidi mara tatu kabla hoja ya kwanza haijatajwa.

Mathalani, mwanafunzi ameagizwa atunge hotuba atakayoitoa kwa wenzake kuhusu utunzaji wa mali ya shule. Yamkini ataandika: “Ukosefu wa uwajibikaji miongoni mwa wanafunzi katika suala zima la utunzaji wa mali ya shule ni jambo linalostahili kuzingatiwa kwa makini na kila mhusika.” Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Lakini isomwe kwa sauti gwarideni, saa moja unusu asubuhi, mbele ya wanafunzi mia nne waliosimama juani. Nani ataikumbuka? Linganisha na hii: “Madawati yetu yamevunjika. Nani aliyeyavunja? Si wazazi. Si walimu. Ni sisi.” Hapa hakuna msamiati wa kujivunia, ila hakuna atakayeuliza msemaji alikusudia nini.

Msomaji akipotewa hurudi nyuma ukurasa mmoja. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Kwa hivyo mtunzi wa hotuba hulazimika kurudia kwa niaba yake, kuuliza na kujijibu, kukatiza sentensi pumzi inapokwisha, na kutangaza anapohama kutoka hoja moja hadi nyingine. Kinachostaajabisha ni kwamba shule inayafahamu haya yote. Katika Karatasi ya Tatu, hotuba hutajwa tena, safari hii chini ya fasihi simulizi, pamoja na ulumbi, soga, mawaidha na malumbano ya utani. Huko takriri na maswali ya balagha husifiwa. Mwanafunzi yuyo huyo akiyatumia katika insha, si ajabu kalamu nyekundu ikaandika pambizoni: “Unarudiarudia.” Mada ni moja, mwalimu mara nyingi ni mmoja, ila masomo hayo mawili hayajawahi kujuana.

Mifano ya kufundishia haijakosekana. Mwalimu Julius Nyerere, alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin mnamo Novemba 1978, aliijenga hoja yake juu ya maneno matatu mepesi, uwezo, sababu na nia, akiyapanga katika sentensi fupi zenye umbo moja. Hata asiyejua kusoma aliondoka nayo. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi, aliyetawala kati ya 1978 na 2002, alizoea kusoma hotuba rasmi ya Kiingereza katika sikukuu za kitaifa, kisha akaiweka kando na kuzungumza Kiswahili bila karatasi. Iwe mtu aliyapenda aliyoyasema au aliyachukia, ni sehemu hiyo ya pili iliyozungumzwa njiani kurudi nyumbani.

Watetezi wa utaratibu uliopo watasema kwamba madarasa yamefurika. Dai hilo lina uzito. Hotuba ya maneno 400 huchukua takriban dakika tatu au nne kutolewa, nacho kipindi ni cha dakika 40. Darasa la wanafunzi 50 litahitaji vipindi visivyopungua vinne. Lakini mtahiniwa wa Kifaransa katika KCSE hiyo hiyo huketi mbele ya mtahini na kuzungumza. Ni vigumu kueleza kwa nini lugha ya kigeni ipimwe kwa ulimi ilhali lugha ya taifa, ambayo Katiba ya 2010 iliifanya pia kuwa lugha rasmi, ipimwe kwa wino pekee.

Marekebisho ya mtihani yako mikononi mwa wakubwa. Zoezi la darasani liko mikononi mwa mwalimu, na wengi wanaosomea Kiswahili vyuoni watakuwa walimu. Wanafunzi na wakae wawili wawili kabla ya kukusanya madaftari. Mmoja asome hotuba yake kwa sauti, mwingine asikilize bila kuitazama, kisha ataje hoja alizozishika. Pale msomaji alipokosa pumzi, sentensi ikatwe. Hoja ambayo msikilizaji hakuishika iandikwe upya. Dakika kumi zinatosha kwa darasa zima, hata liwe la wanafunzi 60, na kalamu nyekundu ije baada ya hapo.