KUMUAGA MGENI NA KUMUAGA MWENZETU

Katika toleo lililopita la gazeti hili ilitolewa habari ndefu, kurasa mbili nzima pamoja na picha, juu ya sherehe tuliyomfanyia mgeni wetu kutoka Ujerumani alipomaliza muhula wake hapa shuleni. Habari ile iliandikwa vizuri, wala sina neno na mwandishi wake. Lakini mwishoni alisema kwamba shule yetu inajua kuaga. Hapo ndipo ninapoomba Mhariri anipe nafasi. Mimi nasema shule yetu inajua kumuaga mgeni. Kumuaga mwenzetu bado haijui, na hilo si jambo dogo kwa shule iliyo katika nchi hii yetu ya almasi na dhahabu.

Kwa wasomaji wasioifahamu habari yenyewe, mgeni huyo alikuwa mwanafunzi wa ualimu, na chuo chake kilimruhusu kukaa muhula mmoja katika nchi nyingine. Safari za namna hii si ngeni tena duniani. Tangu mwaka 1987 nchi za Ulaya zina mpango uitwao Erasmus, ambao huwasaidia wanafunzi kwa fedha wakakae muhula mmoja au miwili katika chuo cha nchi nyingine, kisha warudi kwao kumaliza masomo. Wazee wetu hawakuipata nafasi rahisi hivyo. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 hakurudi hata mwaka 1952, na kwaheri ya siku zile ilikuwa kwaheri ya miaka, na barua zilisafiri polepole. Siku hizi mtu huenda Januari, Juni amekwisha kurudi kwa mama yake.

Basi mgeni wetu aliishi nasi vizuri. Alijifunza Kiswahili pamoja na kidato cha tatu, akasaidia katika maabara ya fizikia, akala ugali na maharage bila kukunja uso. Muhula ulipokaribia kwisha tulimfanyia sherehe. Ngoma ya bugobogobo ilichezwa na majembe yakarushwa juu, hotuba zilikuwa saba (mimi nilizihesabu, maana nilikuwa nimesimama), akavishwa shati la kitenge, akapewa mfuko wa michembe wa kula njiani. Wengi walilia. Sioni kosa lolote katika hayo yote. Mtu aliyetoka mbali akakaa na watu kwa wema, yafaa aondoke na moyo mzuri.

Tena napenda kusema kwamba mgeni mwenyewe alituzidi kwa adabu ya kuaga. Wiki nzima kabla ya sherehe alizunguka na daftari dogo. Alikwenda kitanda kwa kitanda, akauliza jina la kila mmoja, kwao wapi, na akipenda kuandikiwa barua iandikwe wapi. Alikwenda jikoni akawaaga wapishi mmoja mmoja. Alimwendea mlinzi usiku, kwa kuwa mchana mlinzi hulala. Jembe aliloazima kwa fundi wa bustani alilirudisha likiwa limeoshwa. Jambo moja tu silisifu, nalo ni zile ahadi za jukwaani. Alisema atarudi mwakani, na ataleta mipira ya miguu kumi. Hata leo watoto wa kidato cha kwanza humwuliza mwalimu wa zamu mipira imefika wapi. Afadhali mtu anayeondoka aseme asante na kwaheri, akanyamaza. Lakini hili ni la pembeni.

Jambo lenyewe ni hili. Asubuhi iliyofuata sherehe ilikuwa siku ya kufunga shule. Mimi nilikuwa zamu ya jikoni, nikisugua masufuria ya pilau ya jana, na haya niliyasikia kwa waliokuwa bwenini na langoni. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alitoka bwenini na sanduku lake begani na godoro lake limefungwa kamba. Alipita katikati ya vitanda, akapita uwanjani palipokuwa pamejaa watu wakipiga picha na mgeni, akafika langoni, akapakia godoro juu ya bodaboda, akaenda zake.

Kila aliyelala bweni anajua maana ya godoro. Mwanafunzi anayekwenda likizo hubeba nguo zake na daftari mbili tatu za kumdanganya baba kwamba atasoma. Godoro huliacha. Anayebeba godoro harudi. Bweni zima liliona, lakini hakuna aliyemwambia neno zaidi ya kumpisha mlangoni. Julai shule ilipofunguliwa kitanda chake kilikuwa kitupu, na siku ya tatu kikawekwa ndoo.

Nilipowaeleza wenzangu kwamba hili halikunipendeza, nilipata majibu ya namna mbili. Wa kwanza walisema mgeni alikuwa anakwenda mbali, ng'ambo ya bahari, na huenda tusimwone tena mpaka kufa, ndiyo maana aliagwa kwa ngoma. Mwenzetu yuko mkoa wa jirani tu, basi la siku moja. Kwa ramani wamesema kweli. Lakini mgeni wetu hakumaliza wiki mbili kwao kabla salamu zake hazijafika katika simu ya mwalimu wa nidhamu, pamoja na picha ya shati lake la kitenge. Tunajua anasoma nini, mama yake anaitwa nani, hata kwamba michembe iliwashinda meno nduguze. Habari za huyu mwenzetu tuliyesoma naye miaka miwili na nusu hatukuwa nazo kabisa. Namba ya simu ya nyumbani iliyokuwa katika daftari la bweni ilikuwa haipatikani tangu mwaka jana. Basi nauliza, katika hao wawili nani amekwenda mbali?

Wa pili walisema aliondoka kwa hiari yake kutafuta dhahabu, na mtu mzima haagwi kwa nguvu. Hao nawajibu kwa adabu, kwa maana dhahabu siidharau. Viatu ninavyovaa vimetoka katika karasha la mjomba wangu. Katika darasa letu wako wengi ambao madaftari yao yamenunuliwa kwa mawe ya Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola. Lakini karasha la mjomba ni kazi ya mjomba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza asitiwe katika kazi za hatari, na uchimbaji wa madini ni mmojawapo. Kila aliyekulia kwetu anajua sababu. Duara huporomoka bila kubisha hodi. Vumbi la karasha huingia kifuani likakaa. Kule kwenye mialo watu hushika zebaki kwa mikono mitupu, kisha huichoma juu ya moto ili dhahabu ibaki, na moshi wake huvutwa na kila aliye karibu, hata mtoto aliye mgongoni. Mtu akienda huko akiwa na miaka 16 au 17, tusiseme amechagua kana kwamba amechagua kati ya soda mbili.

Mapumziko mafupi ya Septemba nilikwenda nyumbani upande wa Geita. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025 basi halingojei tena kivuko, nikafika Katoro mapema kuliko nilivyozoea. Pale stendi nilimwona mwenzetu huyo. Alikuwa akishusha mifuko ya mawe kutoka katika gari, amekonda, na kope zake nyeupe kwa vumbi. Aliniona kwanza yeye.

"Kaka, shikamoo. Za shule?"

"Marahaba. Za shule njema. Wewe unarudi lini?"

"Nirudi kwa nani, kaka?"

Nilimwambia kitanda chake kipo. Alicheka kidogo, akasema, "Siku ile nimebeba godoro nimepita mbele ya watu wote. Nilisema moyoni, akitokea mmoja akaniuliza godoro nalipeleka wapi, nalirudisha. Nimefika mpaka langoni."

Sababu zake za nyumbani sitaziandika gazetini, ni zake. Kwa jumla ni zile tunazozijua. Ada imeondolewa katika kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu mwaka 2016, na hilo ni jema kubwa, lakini nauli haikuondolewa, wala sabuni, wala njaa ya wadogo waliobaki nyumbani. Sisemi kwamba swali moja la mtu mmoja lingemaliza shida hizo. Nasema tu kwamba yeye mwenyewe aliliweka swali hilo kama mizani yake, na hakuna aliyeuliza.

Tena sisi si watu wasiojua desturi. Kwetu Usukumani mgeni haachwi aondoke peke yake kutoka uani. Husindikizwa mpaka njia panda, na njiani ndipo maneno ya kweli husemwa, yale yaliyoshindikana kusemwa mbele ya watu. Wazee waliokopeshana mbuzi walikumbushana njiani. Mtu aliyekuwa na shida aliisema njiani, akijua kwamba anayemsindikiza hana haraka. Hotuba saba za jukwaani haziwezi kufanya kazi ya mwendo ule wa robo saa.

Huenda ni migodi iliyotuzoesha vibaya. Katika ukanda huu watu huja kwa kishindo na kuondoka kimya. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mpya ulianza kazi mwaka 2000. Buzwagi, jirani ya Kahama, ulianza mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 uzalishaji ulikuwa umekwisha. Nyumba zilizopangishwa jana leo zina kufuli. Habari ya mwalo mpya ikisikika, kijiji cha watu elfu huhama kwa wiki moja, na muuza chai akiamka anakuta amebaki yeye na birika lake. Mtoto aliyekulia katika mambo hayo huona kwamba mtu kutoweka ni kawaida kama mvua kukatika. Lakini shule si mwalo. Shule ina daftari la majina, na kila asubuhi majina huitwa.

Nasema haya pia kwa kuwa mlango wa kurudi upo. Mwezi wa Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka ule, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi shuleni. Tulipotajiwa waraka huo, wengi wetu tulifikiri unawahusu wasichana waliopata watoto tu. Unawahusu hao, na ni haki yao. Unamhusu na yule anayeshusha mawe Katoro. Lakini waraka hauna miguu. Hauwezi kwenda stendi kumtafuta mtu ambaye shule yake haijui alikwenda wapi.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nami nimekwisha kuyasema kwa kiranja mkuu kabla ya kuyaandika. Wiki moja kabla ya kufunga shule, kiongozi wa kila bweni afanye kama alivyofanya yule mgeni. Apite kitanda kwa kitanda na daftari, aandike kila mmoja anakwenda wapi, atafanya nini huko, na namba ya simu inayopatikana kweli, ipigwe pale pale. Siku ya kufunga, godoro lolote lisitoke langoni kabla mwenye godoro hajakaa na mwalimu wa bweni akaeleza. Sitaki azuiwe kama mwizi. Nataka aulizwe, na kama kweli anakwenda, basi asindikizwe na watu wawili mpaka stendi na aambiwe siku ya kurudi.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wa kidato cha nne. Mtihani wa Taifa utatukuta Novemba, na kabla yake kuna mahafali yetu. Nasikia kamati imekwisha kupanga soda mbili kwa kila mtu, keki, na vipaza sauti vya kukodi kutoka mjini. Mimi ni mmoja wa watakaoagwa, kwa hiyo nina haki ya kusema. Soda moja yanitosha, na sauti ya mwalimu mkuu twaisikia vizuri bila kipaza sauti. Fedha itakayobaki wapewe mwalimu mmoja na viranja wawili waende Katoro wakamwone mwenzetu na wazee wake, wakiwa na waraka ule mkononi. Nauli ya watu watatu kwenda, na ya watu wanne kurudi pamoja na godoro, nimekwisha kuiuliza stendi. Keki ni ghali zaidi.