Mimba Zabibu: Saratani Inayopona Isiendelee Kuua Dada Zetu

Makamanda, leo tuongee jambo ambalo majukwaani hatuligusi kwa sababu tunalionea aibu.

Binti anakosa siku zake, anapima, mistari miwili. Baada ya wiki kadhaa anatapika kupita kiasi, anatokwa damu, tumbo kubwa kuliko umri wa mimba. Ultrasaundi haionyeshi mtoto, inaonyesha malengelenge kama kichala cha zabibu. Hiyo ndiyo mimba zabibu. Sio uchawi, sio laana. Ni hitilafu inayotokea mimba inapotungwa, na hatari ni kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 20 na waliovuka 40.

Anasafishwa kizazi, anarudi nyumbani. Hapo ndipo tunapompoteza. Kwa baadhi yao chembe zilizobaki huendelea kukua, na zinaweza kugeuka saratani adimu iitwayo koriokasinoma. Ikifika mapafuni anakohoa damu, mtaani wanasema ana TB.

Kinachouma ni kwamba saratani hii inatibika. Mwaka 1956 kule Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz waliitibu kwa dawa ya methotreksati hata ikiwa imeshasambaa mapafuni. Leo ikiwahiwa, karibu wagonjwa wote wanapona, na wengi wanazaa tena. Dawa yenyewe ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Cha kuiwahi ni kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha homoni ya mimba: kila wiki mpaka kishuke, halafu kila mwezi kwa miezi kadhaa, na muda wote huo asishike mimba nyingine. Kile cha mkojo hakitoshi. Kinasema ipo au haipo, hakisemi inapanda au inashuka.

Sasa piga hesabu. Nauli kila wiki, hela ya kipimo, kibarua kilicholala. Mama lishe wa kijijini anatoa wapi? Akijisikia nafuu anaacha kwenda, halafu tunasema amepuuza. Hajapuuza, ameishiwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sawa. Basi maswali yetu ni haya: kipimo hicho kinapatikana hospitali ya wilaya yako? Bima inakilipia mpaka mwisho wa ufuatiliaji? Dawa ipo, au mgonjwa anaambiwa akanunue nje? Muulize diwani. Muulize mbunge. Na sisi tukipewa ridhaa, tuulizwe hivyo hivyo, bila kuoneana haya.

Wakati tunadai hayo, kama dada, mke au mpenzi wako amesafishwa mimba zabibu, usimwache aende peke yake. Mtafutie nauli, andika tarehe za kliniki kwenye simu yako, na tarehe ikifika, msindikize.