Nyunzu: orodha moja, kijiji kisisahauliwe

Wandugu vijana wa Kalemie, ukanda wa kupima mkono wa mutoto hausemi uongo. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: huyo mutoto anahitaji matunzo leo, si kesho.

Lakini kila mradi ukifika Nyunzu na orodha yake, kijiji kimoja kinapimwa mara mbili na kingine hakipimwi kabisa. Nyuma ya vita ya Watwa na Waluba, orodha yenye kuacha upande mmoja inaweza kurudisha chuki.

Tunadai zone ya afya, pamoja na PRONANUT, ishike orodha moja na kalenda moja. Zibandikwe kwenye kila kituo cha afya, raiya wazisome. Ma-relais wa vijiji, Watwa na Waluba, wakae kwenye meza ya maamuzi. Watu wa kilimo nao waitwe: mutoto akipona halafu arudie bukari tupu, bila maharagi wala kalanga, atarudi kwenye nyekundu.

Sisi wa mjini tuko na simu na sauti. Tuulize kila mwezi: orodha iko wapi? Nani hayuko ndani?