Msinisifu kwa Kuvumilia

Majirani huniita jasiri kwa sababu mume wangu yuko Somalia. Kenya ilipeleka majeshi huko Oktoba 2011, na tangu hapo sisi wake wa wanajeshi tunasifiwa kwa kuvumilia. Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, nililala na simu kifuani siku tatu. Ule haukuwa ujasiri. Sikuwa na la kufanya.

Sifa hizi hutuziba midomo. Nilipoacha kazi kwa sababu ya uhamisho wake wa tatu, niliambiwa, "Vumilia, mama." Nilipotaka kurudi chuoni, shemeji aliuliza nani atamngoja kaka yake.

Nilirudi. Mume wangu akipiga nikiwa darasani, atapiga tena. Anayetaka kunisifu aje akae na mtoto wangu Jumanne jioni.