Makopo ya wanamichezo wa kike: mali au mzigo dukani?

Michezo ya timu ya wanawake imekuwa soko. Kombe la Dunia la mwaka 2023 nchini Australia na New Zealand lilishirikisha timu 32, kutoka 24 mwaka 2019. Julai 2025 Twiga Stars ya Tanzania ilicheza fainali za Afrika nchini Morocco. Palipo na wachezaji pana wauzaji, na makopo ya unga wa kuongeza nguvu ni miongoni mwa bidhaa zinazowavutia waagizaji.

Hata hivyo, mfanyabiashara makini hana budi kutenganisha bidhaa na porojo. Mwaka 2018 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitaja vitu vichache tu vyenye ushahidi mzuri wa kuinua kiwango cha uchezaji moja kwa moja: kafeini, kreatini, nitrati, beta-alanini na bikaboneti. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, humfaa anayekimbia mbio fupi za kurudiarudia, kama ilivyo katika soka au mpira wa kikapu. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa utafiti mwingi umefanywa kwa wanaume.

Kwa wanawake, madini ya chuma yana uzito wa pekee, kwa sababu hupotea kila mwezi kwa hedhi. Mchezaji aliyepungukiwa damu huchoka mapema. Lakini vidonge vya chuma si vya kugawiwa timu nzima kama peremende. Damu hupimwa kwanza, maana chuma kikizidi hudhuru mwili.

Hatari kubwa kibiashara imo ndani ya kopo. Kati ya mwaka 2000 na 2001, maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, karibu asilimia 15, zilikutwa na viasili vya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Kwa kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mchezaji ndiye anayewajibika kwa kinachokutwa mwilini mwake, na adhabu yaweza kufika miaka 4. Muuza duka atabaki na shehena isiyonunulika na jina lililochafuka.

Kwa hiyo, mwenye mtaji mdogo asikimbilie kopo la bei poa lenye picha ya misuli. Aagize aina chache, adai cheti cha kupimwa kwa kila toleo, kama kile cha Informed Sport, na atunze namba za toleo pamoja na stakabadhi. Faida kwa kila kopo itapungua, lakini klabu iliyouziwa mali safi itarudi msimu ujao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.