Kitanda Kinachoogopa Maji Hakitufai Wodini

Kitanda cha umeme kikiharibika wodini, fremu na godoro huwa bado ni vizima. Kinachokufa mapema ni kisukumio, yaani mota iliyo chini ya kitanda, inayozungusha skrubu ndefu ili kusukuma fimbo na kuinua upande wa kichwa. Adui yake mkubwa ni maji, tena maji ya klorini tunayooshea kitanda sisi wenyewe, ambayo hatuwezi kuyaacha.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anatakiwa kuinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, ili yaliyomo tumboni yasipande na kuingia mapafuni. Utafiti wa Barcelona, Hispania, uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la The Lancet, ulihusisha wagonjwa 86. Nimonia ilithibitishwa kimaabara kwa asilimia 23 ya waliolazwa chali, na kwa asilimia 5 ya walioinuliwa. Kitanda kikigoma, muuguzi hubaki na mito, na mito huteleza usiku.

Maoni yangu ni kwamba kisukumio kinachostahimili kuoshwa kinaweza kutengenezwa na vyuo vyetu vya ufundi, iwapo sisi wa wodini tutakaa meza moja na wahandisi wa vifaa tiba. Mambo mawili yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni kuzuia maji. Kupaka gundi kila mahali hakutoshi. Mota ikifanya kazi hupata joto na hewa ya ndani hutanuka. Ikimwagiwa maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kufyonza maji kupitia upenyo wowote. Kwa hiyo fimbo ikumbatiwe na mpira imara, waya ziingilie upande wa chini, na pawepo utando mdogo unaopitisha hewa bila kupitisha maji.

La pili ni kujua fimbo imefika wapi. Hapa urahisi ndio usalama, kwa kuwa kila tundu ni mlango wa maji. Sumaku ndogo ikifungwa kwenye skrubu, na sensa ya sumaku ikawekwa upande wa pili wa ukuta wa plastiki, mizunguko huhesabika bila kutoboa chochote. Skrubu inayosogeza nati milimita 4 kwa mzunguko mmoja itakuwa imesukuma fimbo milimita 200 baada ya mizunguko 50. Swichi mbili za ukomo huizuia mota isijiunguze inapofika mwisho.

Lakini umeme ukikatika, hesabu isiyohifadhiwa hupotea. Mhandisi anaweza kuona ni sawa fimbo irudi mwanzo na kuhesabu upya. Kwa mgonjwa mahututi, kurudi mwanzo ni kumlaza chali. Ni sisi tunaopaswa kusema mapema kwamba hesabu ihifadhiwe, na kwamba skrubu iwe ya aina inayojishikilia hata umeme usipokuwepo.

Wapo watakaosema ni heri kununua vilivyo tayari. Sipingi, mradi tuulize kabla ya kupokea, hata kama kitanda ni cha msaada. Tazama alama ya IP kwenye mota: tarakimu ya pili hueleza kinga dhidi ya maji. Namba 4 hustahimili maji yanayorushwa kidogo. Namba 6 hustahimili maji yenye nguvu ya mpira wa kuoshea. Uliza pia kitanda kinaonyeshaje nyuzi za mwinuko.

Kitakachotengenezwa hapa nchini kipimwe kwa uzito na kwa maji, na kipitie Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla mgonjwa hajalala juu yake. Nawe unayemuuguza ndugu yako, ukiona kichwa chake kimeshuka, mwite muuguzi. Usisubiri kitanda kitengemae.